Bi Mkubwa Yuko Forodhani na Mke Wangu Hajui

Shangazi wa ukurasa wa kumi na nne, shikamoo, na unisamehe kwa karatasi hii, nyumbani daftari zimekwisha na dukani naona aibu kwenda kununua maana yule muuza duka akiona mtu mzima ananunua karatasi ya barua lazima aulize unamwandikia nani, kwa hiyo nimechukua fomu moja kwenye droo nikaigeuza, wewe soma upande huu tu, wa nyuma hauna maana.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ukurasa wako huwa nauruka, gazeti likinifikia naanza na michezo na kumaliza na michezo, msomaji wako ni mke wangu, yeye ni fundi cherehani na kila wiki hukukata kwa mkasi wake wa kushonea na kukuweka kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, nikimuuliza matatizo ya watu unayahifadhi ya nini anasema iko siku yatatufaa, sasa siku imefika na mwenye tatizo ni mimi, ndiyo maana nakuomba ukiichapa barua hii unigeuzegeuze, sema mimi ni kinyozi, na lori usilitaje kabisa, sema mkokoteni.

Mimi ni msafirishaji, nina lori moja la tani saba, naendesha mwenyewe na kulitengeneza mwenyewe mambo yakiwa madogo, na lori hilo jina lake ni Bi Mkubwa kwa sababu nililinunua kabla sijaoa, na siku nilipomleta mchumba wangu alitazame alilizunguka mara mbili, akapiga teke tairi ya mbele, akasema, "Haya, nimekubali kuwa bi mdogo, ila asinipande kichwani." Tangu hapo yeye ndiye anayemshonea Bi Mkubwa mapazia ya kebini na vitambaa vya viti, kila mwaka rangi mpya, madereva wenzangu wananitania kwamba naendesha sebule, na mimi nawajibu kwamba wao wanaendesha vibanda vya kuku.

Sasa sikiliza kosa langu. Sisi tunaishi mji wa mpakani na kazi yetu ni kuvusha mizigo, na kila mzigo unaovuka unataka fomu ya msafirishaji, karatasi moja tu, juu unaandika mzigo ni nini na ni katoni ngapi na mwenyewe nani, halafu chini kuna maneno madogo kwamba mimi msafirishaji nimeuona mzigo huu kwa macho yangu ukipakiwa na unalingana na maelezo yaliyoandikwa hapa, kisha sahihi, na hapo kwenye sahihi ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu sahihi yangu mimi si ya kukimbilia, ina mizunguko mitatu, ina mkia unaorudi nyuma, na chini ya mkia nachora kilori chenye magurudumu manne, niliibuni nikiwa kijana na siwezi kuiacha, lakini pale dirishani watu wanasubiri nyuma yangu wanasonya, na karani mmoja akaniuliza, "Mzee, hiyo ni sahihi au ramani?" Kwa hiyo nikajipangia utaratibu wa kusaini nyumbani, Jumapili baada ya chakula, meza imefutwa, redio iko chini, nasaini fomu ishirini kwa mpigo zikiwa tupu, naziweka kwenye droo chini ya televisheni, mzigo ukipatikana najaza juu tu na kwenda zangu. Mke wangu amesema mpaka sauti imekauka. "Baba watoto, sahihi si pambo, unasaini hewa." Mimi namwambia yeye ashone.

Mke wangu ana kaka mmoja, shemeji yangu huyo, mtaani wanamwita Profesa, si kwa shule bali kwa kalamu tatu anazotembea nazo kwenye mfuko wa shati, nyeusi, nyekundu na zambarau, na ya zambarau ndiyo anayoandikia kila kitu. Mara mbili aliniomba nimbebee mzigo nikapiga chenga, mara ya tatu mke wangu akanuna siku mbili nzima, akasema ndugu yangu ni mmoja tu duniani na mume wangu ana lori, watu watanielewaje, nikasema basi, yaishe. Profesa akaja kula kwetu Jumapili, akasema mzigo ni vitabu vya shule, hesabu na sayansi, na vitabu vya shule havilipiwi ushuru kwa hiyo tutapita kama upepo, akajipangusa mdomo, akafungua droo mwenyewe, akachomoa fomu yenye sahihi yangu na kuijaza kwa zambarau yake palepale mezani, na mimi nilikuwa namwangalia huku nachokonoa meno.

Siku ya kupakia nikafika kwenye ghala ng'ambo ya mpaka, nikakuta wapagazi wameshaanza, Profesa akanishika bega kwa mapenzi makubwa, akasema, "Shemeji, wewe ni mwenye chombo, hupaswi kusimama na wapagazi. Nenda kanyoe ndevu, ya vitabu niachie mimi." Mwenye chombo! Nikavimba kichwa nikaenda, Shangazi, na kile kiti cha kinyozi kilikuwa kizuri, nikapitiwa na usingizi mpaka nikaamshwa na kitambaa cha moto, niliporudi turubai limeshafungwa na kamba zimekazwa vizuri, tena vizuri kuliko ninavyokaza mimi, nikashukuru, nikaondoka.

Njiani nikarukia tuta ambalo sikuliona, nyuma kukalia kwacha, na kuanzia hapo kebini ikaanza kunukia, si kunukia vibaya, kunukia vizuri kabisa, nikadhani ni mapazia kwa sababu mke wangu hana mkono mwepesi kwenye sabuni, nikafungua dirisha harufu ikazidi, nikasimama pembeni nikampigia Profesa nikamwambia shemeji hivi vitabu vinanukia, akasema, "Hiyo ni gundi ya kisasa." Nikaridhika. Nikaendesha mpaka mpakani naisifu gundi.

Afisa wa forodha aliyenipokea ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, alizunguka nyuma ya Bi Mkubwa, akanusa, akafumba macho, akanusa tena. Akaniuliza ni vitabu vya darasa la ngapi, nikamwambia la nne mpaka la saba. "Wanafunzi hawa," akasema, "wanakwenda kusoma au kuolewa?" Turubai likafunguliwa. Safu ya kwanza vitabu kweli, Shangazi, hesabu na sayansi, na nyuma ya safu hiyo moja marashi, katoni juu ya katoni, chupa za rangi ya dhahabu zenye umbo la mwanamke asiye na kichwa. Nikasema mimi sijui chochote, sijaona chochote, mimi nabeba tu. Akainua fomu akanionyesha chini. "Na hii sahihi ni ya nani?" Ningekataaje? Kuna kilori.

Basi mzigo umezuiwa na Bi Mkubwa amezuiwa pamoja nao, nikapewa notisi ambayo nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo, inasema chombo kilichobeba bidhaa zilizotolewa maelezo ya uongo kinaweza kutaifishwa, na mwenye chombo akitaka kukidai aandike ndani ya siku thelathini na kueleza sababu zake, asipoandika kitahesabiwa kimetelekezwa na kitapigwa mnada. Leo ni siku ya kumi na tisa na sijaandika hata nukta.

Sijaandika kwa sababu Profesa ananipigia kila asubuhi, anataka niseme kwamba nilisinzia njiani na watu wasiojulikana wakavishusha vitabu na kupakia marashi, anasema watu wasiojulikana ndio wazuri, hawakamatwi na hawana mama, lakini yeye ana mama na mama ana presha, akisikia mwanawe wa kiume yuko mahakamani atadondoka, na kifo hicho kitakuwa mikononi mwangu mimi mkwewe. Na nikisema ukweli, mke wangu atanitazamaje mezani kila siku, mtu niliyemsukumia kaka yake jela?

Halafu kuna uongo wangu mwenyewe. Siku ile walinifanya nisaidie kushusha, chupa zilizopasuka zikanimwagikia, nikafika nyumbani kwa miguu nanukia saluni nzima, mke wangu akanisogelea akanivuta harufu kuanzia kola mpaka mkononi, akaniuliza kwa upole, "Umetoka wapi?" Nikamwambia Bi Mkubwa ameshushwa injini, yuko gereji, na hii ni sabuni mpya ya gereji. Kesho yake akanifungia vyombo viwili vya chakula, akasema kimoja chako na kingine cha fundi, mtu anayemshughulikia Bi Mkubwa asishinde na njaa. Sasa kila siku nakwenda kusimama kwenye uzio wa forodha, namwona yule pale, amekaa katikati ya magari mengine yaliyokamatwa, vumbi limemjaa kiooni, na kwa kuwa fundi hayupo nakula vyombo vyote viwili, nimenenepa, mkanda nimeuongezea tundu kwa msumari. Juzi kaniuliza fundi anapenda chumvi kiasi gani, nikasema kiasi. Jana akamwekea fundi paja la kuku, akasema mwambie pole na kazi, na mimi nimelila lile paja huku machozi yananitoka, mtu mzima, watu wanapita. Na jioni nikirudi namkuta anashona mapazia mapya, ya kijani yenye nyuzi za kuning'inia, anasema Bi Mkubwa akitoka hospitali lazima avae vizuri.

Shangazi, maji yamenifika shingoni. Niandike uongo wa Profesa nimwokoe shemeji? Niandike ukweli nimkose mke? Au ninyamaze Bi Mkubwa aende mnadani, achukuliwe na mtu ambaye hajui hata kwamba gia ya tatu haiingii mpaka umbembeleze? Yeye ndiye aliyesomesha watoto wangu wawili, na wa tatu bado yuko shule. Bila yeye mimi ni mtu mwenye sahihi nzuri tu, basi.

Ni mimi, nisimamaye uzioni.

*

Wewe usimamaye uzioni, marahaba. Pole sana. Pole hiyo mpelekee Bi Mkubwa, yako itafuata nikiona unaistahili.

Umeniomba nisome upande mmoja. Mimi ni mwanamke mtu mzima, ukiniambia nisigeuze nageuza. Huko nyuma nimekuta fomu ya msafirishaji, tupu, haina mzigo, haina katoni, haina mwenyewe, lakini chini imesainiwa. Mizunguko mitatu, mkia, kilori. Nakiri ni nzuri, nimeizungusha ofisi nzima. Mhariri wa michezo, huyo unayemsoma kila wiki, amejitolea kuijaza kwamba umebeba twiga wawili na umewaona kwa macho yako wakipakiwa, na hakuna mtu duniani angeweza kubisha, kwa sababu sahihi ni yako. Baba, uko sawasawa? Karatasi ya namna hii ndiyo iliyokuponza, na unakuja kunililia juu ya karatasi ileile, tena umeitia kwenye bahasha ukamtumia mtu ambaye hujawahi kumwona! Nimeipiga mistari miwili mikubwa ya mshazari. Usinishukuru.

Nimemwuliza jirani yangu ambaye ni wakili, mtu wa kukohoa kabla ya kila sentensi, kwa hiyo mazungumzo yetu yalikuwa marefu na nakupa yaliyo muhimu. Anasema kilio chako cha "sikujua" kina nguvu kidogo kuliko unavyodhani. Msafirishaji haulizwi tu kama alijua. Anaulizwa alifanya nini ili ajue. Haya, tuseme uko mbele ya yule mama wa miwani na amekuuliza hivyo. Ulifanya nini? Ulinyoa ndevu.

Pua yako ilikuambia. Ilikuambia kebini, ikakuambia tena ulipofungua dirisha, na ulisimamisha gari kabisa, hatua tano tu ushuke ufungue turubai, badala yake ukampigia simu yuleyule aliyelifunga. Gundi ya kisasa! Mtu unayejua gia ya tatu ya gari lako inataka kubembelezwa, leo hujui harufu ya kitabu? Ulivikwa kilemba cha ukoka pale ghalani, ukaitwa mwenye chombo, na mwenye chombo akaenda kusinzia wakati chombo chake kinapakiwa uongo. Hilo ni lako, usimpe Profesa. Yeye ana yake ya kutosha.

Sasa huo mpango wake wa watu wasiojulikana. Hebu niambie, hao watu wasiojulikana walishusha vitabu vyote gizani, wakapakia marashi, halafu wakakumbuka kurudisha safu moja ya hesabu na sayansi kwa mbele, na kamba wakakaza? Nani ataliamini hilo, yule mama aliyenusa mara mbili tu akajua? Mpaka dakika hii wewe ni mzembe. Fomu uliisaini bila kuona, lakini uongo ulioandikwa juu yake si wako. Ukiandika hiyo hadithi, uongo utakuwa na mwandiko wako na utatoka kwenye uzembe uingie kwenye ushirika. Mzembe ana mahali pa kuombea msamaha. Mshirika anaombewa dua na familia yake.

Na presha ya mama mkwe iache ipumzike. Presha hiyo ilikuwepo wakati mwanawe anapakia chupa zisizo na vichwa, na hakuikumbuka.

Kwa hesabu yangu, siku gazeti hili linapotoka umebakiwa na siku saba. Kwa hiyo acha kusimama hapo, fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kwa wakili, wakili mwenye ofisi na mlango, si wale vijana wa nje ya lango la forodha wanaosema wanamjua mkubwa ndani. Mpelekee notisi, hata kama imechanika. Mpelekee fomu zote zilizobaki kwenye droo, na usithubutu kuchoma hata moja, najua mkono unakuwasha. Zitakuaibisha, ndiyo, zitaonyesha kwamba unasaini hewa, mke wako alisema. Lakini hizohizo zitaonyesha kwamba sahihi ilikuwepo kabla ya mzigo, na kwamba maneno ya vitabu yaliandikwa na mkono mwingine, kwa wino wa zambarau ambao wewe huna. Mpe simu yako waone siku ile njiani ulimpigia nani. Mtafute yule kinyozi, hawezi kuwa amemsahau mteja aliyemkoromea kwenye kiti.

Halafu mdai Bi Mkubwa kwa maandishi. Andika ukweli wote, pamoja na ule unaokuvua nguo, wa kinyozi na wa gundi. Yule mama ameshasikia hadithi za watu wasiojulikana mpaka zimemchosha, hajasikia mtu akikiri kwamba aliisifu gundi. Ipeleke mwenyewe, nakala yako igongwe mhuri, uondoke nayo. Siwezi kukuahidi kwamba watamwachia. Wanaweza kukutoza faini itakayokuumiza, wanaweza kukataa kabisa na ikabidi uende mahakamani. Ila ukipitisha siku ya thelathini hawatakuwa na haja hata ya kukukatalia. Na hiyo barua, kabla hujatia sahihi, uisome kuanzia juu mpaka chini, kila neno. Ukishaisoma, piga mizunguko yako mitatu. Kilori nacho kichore, wajue unadai nini.

Profesa mwambie kabla hujaenda, uso kwa uso, mchana, umemkalia mbele: "Shemeji, naandika ukweli. Una siku mbili za kwenda mwenyewe." Usigombane, usitukane, usimwite mezani. Mwenye mzigo akijipeleka anasikilizwa tofauti na anayeletwa. Akikataa, kalamu ni yake.

Tumebaki na mke. Hapa nilikaa nikaweka barua yako chini nikanywa chai kwanza.

Barua za watu mimi sizitoboi. Lakini iliyokwisha kuchapwa si siri tena, na mwenyewe aliniomba niichape bila kubadilisha kitu, akasema mume wake hawezi kuiona kwa sababu anasoma michezo tu. Ilitoka wiki iliyopita, ukurasa huuhuu. Nina hakika ipo kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati lako, lakini nakujua uvivu wako, nakuwekea hapa:

"Shangazi, mume wangu alirudi ananukia marashi ya kike, akaniambia ni sabuni ya gereji. Nikampikia fundi makusudi, nione kama atakataa kubeba. Akabeba. Siku ya tatu nikafunga cherehani, nikajifunga nguo kiunoni, nikamfuata nyumanyuma, nimejiandaa kupigana na mwanamke wa watu. Nikamkuta kwenye uzio wa forodha, ameshika waya kwa mkono mmoja, mwingine una kijiko, analiambia lori, 'Vumilia mama, mimi ndiye niliyekuponza.' Nikarudi nyumbani. Mwanamke yule namfahamu, alinitangulia. Na aliyempakia marashi namfahamu pia, maana kaka yangu tangu siku hiyo hajaja kula Jumapili, na kula kwetu hajawahi kukosa. Shangazi, mimi ndiye niliyenuna mpaka mume wangu akambeba. Nikifungua mdomo atadhani nimekuja kumtetea ndugu yangu, nami sina la kumtetea. Lori lile limewalea wanangu, kaka yangu amelifanya tambara. Namsubiri mume wangu aseme mwenyewe, hasemi, ananenepa tu. Je, niendelee kumpikia fundi?"

Unaelewa sasa kwa nini sikukugeuza kinyozi.

Nilimjibu mstari mmoja: endelea, na umwongezee fundi nyama, mpaka ashibe aseme. Lile paja la kuku ulilolia nalo lilitoka kwangu. Ulidhani analiwekea nani, mtu asiyekuwepo?

Kwa hiyo umemficha mtu anayejua, ukimlinda ndugu ambaye yeye mwenyewe hamtetei, na nyote wawili mmekaa nyumba moja mnaogopana, huku Bi Mkubwa anapigwa jua. Siku kumi na tisa! Mngekuwa mmeandika madai matatu na kuyasahihisha.

Leo usile pale uzioni. Vyombo vyote viwili virudishe nyumbani vikiwa vimejaa, viweke juu ya ile meza unayosainia, mwondoe kwenye cherehani kwa adabu, mkae. Usianze na Profesa, usianze na notisi, usianze na nani alimwambia nani ambebe. Sema, "Mama watoto, fundi hayupo." Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kukutukana kidogo, ana haki. Akimaliza, barua ya madai mwiandike pamoja, yeye ashike kalamu, maana kwa barua niliyoiona mimi mwandiko wake unasomeka na hauna mbwembwe.

Mapazia ya kijani usimwambie aache, anajua anamshonea nani. Na kile chakula kitakuwa kimepoa. Kipasheni moto, mle wawili.